Je, wajua kwa nini tetea wa kuchi hamkimbii mwewe?

Kuku wa maskini, wanasema, hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe. Kwa kuchi, kipande hicho cha mwisho mara nyingi hugoma. Nilimwona mmoja uani kwa jirani: kivuli kilipita, akatoa sauti nyembamba ya kuvuta, vifaranga wakazama kwenye matembele. Yeye hakuwafuata. Alibaki palepale, manyoya ya shingo yamesimama, na mwewe aliposhuka alikutana naye hewani, miguu mbele. Mwewe aliambulia unyoya.

Kuchi ni wale kuku warefu wa miguu na shingo, wanaosimama wima kama askari wa gwaride, wanaofugwa sana Mwanza, Shinyanga, Tabora na visiwani Zanzibar. Vipimo vya vinasaba vimewakuta na undugu na kuku wa Asia, na kwa umbo wanafanana sana na Shamo wa Japani, kuku wa kupiganisha. Siri ya ukali wa tetea imo humo humo, kwenye mapigano ya majogoo.

Mpiganishaji hatafuti jogoo mwenye hasira tu. Hasira kila jogoo anayo. Anatafuta asiyekimbia hata akiumia; anayegeuza mgongo huishia chunguni na hazai tena. Fanya hivyo kizazi baada ya kizazi, utapata ukoo usiojua kurudi nyuma, na urithi huo haubagui jogoo na tetea. Kuku yeyote mwenye vifaranga hutuna na kupiga kelele, lakini ukimsogelea kwa fimbo wengi hurudi nyuma. Kuchi anakuja mbele.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba kuchi bado anajua kuatamia, jambo ambalo kuku wengi wa mayai wamelisahau. Kazi hiyo inaongozwa na homoni iitwayo prolaktini. Ikipanda, kuku anaacha kutaga, ananyonyoka kifuani, na ngozi ile tupu inajaa damu na kupata moto. Mayai yakigusa ngozi hiyo, ubongo unazidi kuitoa prolaktini, kwa hiyo anakaa, na kukaa kwenyewe kunamfanya azidi kukaa, siku 21, akitoka mara moja tu kwa siku kula, kunywa na kuacha kinyesi kikubwa chenye harufu usiyoisahau. Ndiyo maana ukimtaka aache, humfukuzi kwa ufagio. Unamweka siku chache kwenye kizimba cha wavu kilichoinuliwa, hewa ipite chini, kifua kipoe.

Kwa mfanyabiashara wa mayai, kuku anayeatamia ni hasara, kwa hiyo waatamiaji waliondolewa kwenye uzao. Leghorn mweupe, kuku wa mayai wa kibiashara, anataga karibu kila siku na mara chache sana hukumbuka kulalia. Kuchi hakuna aliyemchagua kwa mayai. Anataga machache, na hamu yake ya kuatamia ikaachwa ilivyokuwa.

Kinachowashangaza wageni ni kwamba nje ya msimu wa malezi huyu mkali ni mpole mkononi. Si ajabu ukifikiri: kuku wa mapigano hushikwashikwa, huoshwa, hubebwa kwapani, na anayemdonoa mfugaji wake hafugwi. Hasira zake anazielekeza kwa kuku wenzake. Ukiweka matetea wawili wa kuchi chumba kimoja, kila mmoja na vifaranga wake, asubuhi unaweza kuokota vifaranga waliokufa. Watenge. Lakini ukimpachikia vifaranga wa kigeni usiku, wakiwa wa siku moja, chini ya mbawa pamoja na wake, kwa kawaida huwapokea. Nakuonya jambo moja: ni mzito, na akishtuka anaweza kuponda mayai, hivyo usimrundikie mayai mengi.

Vifaranga wakifika wiki ya sita au ya nane, mapenzi yanakatika ghafla. Kifaranga aliyepiganiwa dhidi ya mwewe anakuja kujikunyata kama kawaida, anadonolewa kichwani, anarudi tena, anadonolewa tena. Muda si mrefu mama anaonekana akizungukazunguka nyuma ya jiko, akitafuta pa kutaga.