Uyoga matumbawe: jina la umbo, si la ukoo

Uganda haina bahari, na wengi wetu huku matumbawe tumeyaona pichani tu. Lakini ingia msitu wa Mabira, kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja, siku mbili tatu baada ya mvua kubwa. Chuchumaa penye gogo linalooza. Ukibahatika utakuta kama kichaka kidogo, kirefu kama kidole, cheupe au cha manjano, kimechanua tawi juu ya tawi. Hakina kofia. Huo ndio uyoga matumbawe.

Uyoga tuliouzoea huhifadhi spora, yaani vumbi lake la uzazi, chini ya kofia. Huu huzitoa kwenye ngozi ya matawi yenyewe, kwa hiyo kila tawi jipya ni nafasi zaidi ya kuzalia.

Sasa kinachonivutia kuliko vyote: uyoga huu si ukoo mmoja. Umbo hilo limezuka mara nyingi, katika koo zilizo mbalimbali. Chukua Ramaria na Clavaria, aina mbili za uyoga matumbawe: Ramaria ana undugu wa karibu zaidi na ule uyoga unaonuka mzoga na kujaa nzi kuliko na Clavaria, ambaye wanafanana kwa sura. Artomyces, aina nyingine ya uyoga matumbawe, naye yuko upande wa Russula, uyoga wenye kofia kabisa! Ndiyo maana kusema "nimeona uyoga matumbawe" ni kama kusema umeona mti wenye miiba. Bado hujasema ni mti gani.

Kwa hiyo tazama taratibu. Je, umeota kwenye mti au udongoni? (Fukua kidogo kwa kidole, mara nyingine kuna kijiti kilichofukiwa.) Ncha za Artomyces zina vimeno vilivyozunguka kama taji dogo, na hukaa kwenye magogo. Za Clavulina, aina nyingine tena, huwa zimechanika kama upanga wa jogoo. Ukibaki na shaka, laza tawi moja juu ya karatasi nyeusi, lifunike kwa glasi hadi asubuhi: vumbi jeupe laelekeza kwa Clavulina, la rangi ya udongo wa manjano kwa Ramaria.

Usiupike kwa kuwa tu ni mzuri. Ramaria formosa huharisha vibaya, na wenzake wengine wanaoliwa wanafanana naye mno. Obutiko (uyoga kwa Kiganda) wa sokoni tunaujua. Huu tuutazame palepale ulipoota, maana matawi yake huvunjika hata kwa kuguswa.