Seziamu shambani: kwa nini mpunga haunywi kila kilichomo ardhini

Dhana: Ardhi ikishaingia mionzi, kila kinachoota hapo kimebeba sumu ileile.

Ukweli: Ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi ya Machi 2011 iliangusha seziamu-137, elementi yenye mionzi, kwenye mashamba ya mpunga ya Japani. Iliyopanda hadi kwenye punje ilikuwa sehemu ndogo mno ya ile iliyokuwa ardhini, na sababu kubwa ni mfinyanzi wenye asili ya ulanga. Madini haya yana matabaka membamba kama kurasa za kitabu, na yakichakaa, kingo zake huachana kidogo. Seziamu ikipenya hapo, matabaka huibana, na mizizi huipata kwa shida.

Dhana: Basi mfinyanzi wowote unatosha.

Ukweli: Hautoshi. Kaolini, ule mfinyanzi mweupe wa vyombo vya kauri, huishika seziamu kijuujuu tu. Udongo wa kinamasi uliojaa mboji ndio mbaya zaidi: baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, 1986, malisho ya aina hiyo kaskazini mwa Ukraine yaliendelea kupitisha seziamu kwenye maziwa kwa miaka mingi.

Dhana: Mbolea haina lake hapa.

Ukweli: Ina lake, tena kubwa. Seziamu huingia mmeani kupitia mlango wa potasiamu, kirutubisho cha mimea, kwa hiyo potasiamu ikipungua shambani, seziamu hupata nafasi. Novemba 2011, mchele wa Onami, mjini Fukushima, ulikutwa na bekereli (kipimo cha mionzi) 630 kwa kilo, wakati kikomo kilichoruhusiwa kilikuwa 500. Uchunguzi ulionyesha kwamba mashamba yaliyotoa mchele wa namna hiyo yalikuwa na potasiamu haba. Wakulima wakaelekezwa kutia potashi (mbolea ya potasiamu) hadi udongo ufikie walau miligramu 25 za oksidi ya potasiamu kwa gramu 100. Mwaka 2012 kikomo kikashushwa hadi 100 na kila mfuko ukaanza kupimwa; tangu mavuno ya 2015, upimaji huo haukukuta mfuko uliovuka.

Dhana: Mvua itaishusha seziamu yote hadi visimani.

Ukweli: Kwenye udongo usiolimwa, nyingi hubaki sentimita chache za juu. Ndiyo maana Wajapani waliukwangua (na rutuba ya miaka ikaondoka nao).

Dhana: Udongo hubana kila aina ya mionzi.

Ukweli: Strontiamu-90, elementi nyingine yenye mionzi, hufuata njia za kalsiamu na haibanwi hivyo. Uyoga wa msituni nao huota kwenye majani yaliyooza, juu ya mfinyanzi unaobana seziamu, ndiyo maana bado unapimwa.