Kinga yake haijashuka, inamla

Mtu ana vaskulitisi ya ANCA, ugonjwa ambao kingamwili zake (protini za kinga) huzichochea chembe nyeupe za damu kushambulia mishipa yake mwenyewe ya damu, figo zinaharibika, na bado anaambiwa, "Kinga yako imeshuka, ipandishe." Nayasikia haya kwenye foleni ya maabara hapa Mbeya, nayasikia stendi ya Uyole, nayasikia hata kwa wahudumu wa afya. Juzi tena mama mmoja wa upande wa Tukuyu kaja na mfuko wa unga wa majani "wa kupandisha kinga". Mkojo wake ulikuwa mwekundu wa kuelekea kahawia, na povu lake halikutaka kuisha. Kwenye darubini, chembe nyekundu zilikuwa zimegandamana kwa umbo la vijiti. Ukiona vijiti vile, damu inavuja ndani ya figo yenyewe, si kwenye kibofu.

Kisa chenyewe kinaanzia kwenye jeni ya MPO, iliyoko kromosomu ya 17. Ndiyo yenye maelekezo ya kimeng'enya kiitwacho mieloperoksidezi. Neutrofili, chembe nyeupe ya damu inayopambana na bakteria, imesheheni kimeng'enya hiki, karibu asilimia 5 ya uzito wake mkavu. Rangi yake ni kijani, na ndicho kinachoupa usaha ule ukijani. Kinachukua haidrojeni peroksaidi na kloraidi, kinazalisha asidi ya haipokloro, ndugu wa karibu wa jiki unayofulia mashuka. Bakteria wanaungua. Kikimwagika pasipo mahali pake, na tishu zako zinaungua.

Sasa nikitaja jeni tu, naulizwa kama watoto nao wameirithi "jeni mbovu". Jamani, jeni hii tunayo sote! Kwa kawaida husomwa kwenye uboho tu, neutrofili ikiwa bado changa, hatua ya promielosaiti. Chembe ikiingia kwenye damu, jeni imeshafungwa na yenyewe inatembea na akiba iliyokwisha kutengenezwa. Kwa wagonjwa wa uvimbe huu wa mishipa, watafiti wamekuta MPO na jeni mwenzake PRTN3 zikisomwa upya ndani ya neutrofili zilizokomaa. Mpangilio wa jeni ni uleule; kilicholegea ni kile kilichokuwa kinaifunga. Urithi una mchango, hasa kwenye jeni za HLA zinazosaidia kinga kutambua vitu vya mwili na vya kigeni, lakini kuwa na mwelekeo si kuwa na ugonjwa, na mtoto asitangaziwe hukumu kwa sababu ya mama yake.

Mwaka 1988 watafiti Falk na Jennette walionyesha kwamba mieloperoksidezi ni mojawapo ya shabaha za kingamwili tunazoziita ANCA. Zikiinasa neutrofili iliyokwisha kuamshwa, labda na maambukizi, inamwaga silaha zake palepale kwenye ukuta wa mshipa. Inaweza pia kurusha nyavu za DNA zilizopakwa kimeng'enya hichohicho, nyavu zilizoelezwa mwaka 2004. Mishipa midogo ya figo na mapafu ndiyo inayoumia zaidi: damu kwenye mkojo, damu kwenye makohozi.

Na huku kwetu makohozi ya damu ni TB kwanza. Sawa, pima TB. Lakini vipimo vikirudi safi mara kwa mara huku kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikidhoofika, inapanda, mbona hakuna aliyeomba mkojo? Halafu kuna kosa la upande wa pili: ANCA ikisoma chanya, mgonjwa anabandikwa ugonjwa hapohapo. TB yenyewe inaweza kuleta ANCA chanya. Hata hidralazini, dawa ya presha, inaweza.

Tiba ya ugonjwa huu inaishusha kinga kwa makusudi: prednisoloni pamoja na siklofosfamidi au rituksimabu. Anayemwachisha mgonjwa dawa hizo ili anywe unga wa majani anahatarisha figo zake.

Vitabu vinakichora kimeng'enya hiki kama mhalifu, nami sijaridhika. Ulaya na Marekani, takriban mtu 1 kati ya 2,000 hadi 4,000 hana cha kutosha, na wengi wao hawana tatizo lolote. Wachache, hasa wenye kisukari, husumbuliwa na fangasi wa kandida. Panya waliofutiwa jeni hiyo walitarajiwa kupata nafuu, lakini katika baadhi ya majaribio uvimbe ulizidi. Pengine kimeng'enya hiki nacho huutuliza moto kinaouwasha. Hata kiwango cha ANCA hakitabiri vizuri nani ataugua tena. Kwa hiyo mama yule akirudi kliniki, kabla ya namba ya ANCA nataka kikopo cha mkojo, cha asubuhi, kikiwa bado cha moto, maana vijiti vile havikawii kuharibika.