Kipaza sauti hakimlei kiongozi

Juzi kwenye mahafali mgeni rasmi alitugeukia walimu akasema, "Mkitaka hawa mabinti wawe viongozi, wapeni kipaza sauti." Ukumbi mzima makofi. Mimi ni mlezi wa klabu ya hisani katika sekondari ya wasichana ya bweni, huu mwaka wa kumi na moja, na maneno hayo nimeyasikia kwa wafadhili, kwa wazazi, hata kwa walimu wenzangu. Nimechoka nayo.

Klabu yetu inashona pedi za kufua kwa ajili ya wasichana wa shule za msingi za jirani. Katiba, uchaguzi, muhtasari wa vikao, hayo yanajulikana. Watu wanaona siku ya kukabidhi: sare zimenyooshwa, mwenyekiti anasoma risala. Risala hukaririwa siku mbili. Kazi yenyewe ya kuongoza ilishafanyika wiki nyingi nyuma, na aliyeifanya mara nyingi hata kwenye picha hayumo.

Mwaka juzi mhazini alikuwa binti wa Kidato cha Tatu, mkimya, aliyechaguliwa kwa sababu hesabu zake hazipishani. Wanachama walichanga shilingi 500 kila wiki mpaka hela ya kitambaa cha flana, kile kinachonyonya maji, ikatimia. Tukaenda Kariakoo, yeye, katibu na mimi. Muuzaji mmoja akatoa jora kwa bei ya chini kuliko maduka yote tuliyopita. Nilipolishika tu nikajua lina poliesta nyingi. Nikanyamaza. Wakaomba kupunguziwa, wakapunguziwa, wakalipa 64,000, tukapanda daladala.

Jumamosi, kabla mkasi haujagusa kitu, mshonaji mmoja akadondosha maji kwa kijiko juu ya kitambaa. Tone likasimama kama liko kwenye jani la mgimbi, likabingirika, likaangukia mezani. Akarudia. Kitambaa kikavu. Chumba kizima kikamgeukia mhazini.

Alisimama. Muuzaji hakumtaja kabisa. Alifungua daftari, akasoma tarehe, kiasi, na majina mawili ya walioidhinisha, la kwake likiwa la kwanza. "Hela ni zenu, na mimi ndiye niliyekosea. Naombeni tuamue pamoja." Wakabishana saa nzima, wengine kwa ukali. Mwisho lile jora likashonwa vifuko vya kubebea pedi, na kwenye kanuni za klabu ukaongezwa mstari: kitambaa kinapimwa kwa maji palepale dukani, kabla ya kulipa. Mstari huo upo mpaka leo, kwa mwandiko wake.

Sasa niambieni, kipaza sauti kingemfundisha nini kati ya hayo?

Kila nikisema hivi natajiwa Bibi Titi Mohamed: mbona yeye alitikisa viwanja kwa hotuba? Kweli alitikisa. Lakini kabla ya kuongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam. Alipotafuta wanawake wa kujiunga na chama, alipitia viongozi wa vikundi vya ngoma, watu waliojuana na kuaminiana tayari. Nyuma ya ile hotuba kulikuwa na mtandao. Tunamsifu kwa sauti yake na kusahau waliomwitikia walikuwa akina nani, na kwa nini waliitikia.

Au chukua kodi. Mwaka 2018 Serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikairudisha, hoja ikiwa kwamba mnunuzi hakuona bei ikishuka. Nilipowasimulia wanachama, swali lao la kwanza lilikuwa: nani alikuwa anaandika bei za madukani? Tangu hapo, kila likizo kila mwanachama anarudi na bei ya pakiti moja kutoka duka la mtaani kwao. Binti wa miaka kumi na sita mwenye daftari la bei za mikoa tofauti ana kitu cha kusema. Kipaza sauti mpeni huyo, na mtakaa kimya mumsikilize.

Nina mashaka yangu pia. Nilipofundisha shule ya mchanganyiko, wavulana walikuwa wakishika mdahalo na wasichana wakiachiwa hisani, kana kwamba kuhudumia ni mwendelezo wa vyombo vya nyumbani. Je, nami siwafundishi hilohilo kwa sindano na uzi? Mwaka ambao mhazini anafunga hesabu na kumkatalia mwalimu anayetaka kukopa, naona siwafundishi hilo. Mwaka ambao kazi nzima ni kushona tu, sina jibu.

Na kuna ule ukimya wangu dukani. Mlezi akishika hela mradi si wa wanafunzi tena, hilo nalisimamia. Ila zile zilikuwa shilingi mia tano tano za watoto wa watu.

Yule mhazini alipomaliza Kidato cha Nne alikuja ofisini kuniaga.

"Madam, siku ile ulijua?"

Nikamwambia ndiyo.

Akafikiri kidogo. "Basi ungetuambia kabla hatujapanda daladala. Tungerudi dukani wenyewe tukabishane naye."

Sikuwa nimeifikiria nafasi hiyo, kati ya kulipa na kuondoka. Mwaka huu tulipokwenda Kariakoo niliwasimamisha kituoni, nikawauliza kama kijiko walikitumia.