Riwaya ya kale darasani: wasifu wa mwandishi usubiri

Dhana: Kabla ya kufungua riwaya, wanafunzi wafundishwe maisha ya mwandishi na historia ya zama zake.

Ukweli: Riwaya nyingi hufia hapa. Chukua Great Expectations ya Charles Dickens. Mwalimu anaandika ubaoni kwamba Dickens alizaliwa mwaka 1812, watoto wananakili, na dakika kumi baadaye macho yamelegea. Sasa jaribu kuwasomea mwanzo wenyewe. Mvulana yatima, Pip, yuko makaburini jioni ya baridi. Mwanamume mwenye chuma mguuni anachomoka kati ya makaburi, anamkamata na kumpindua kichwa chini miguu juu ili vilivyo mfukoni vimwagike. Kinadondoka kipande cha mkate, anakibugia. Kisha anamwamuru amletee chakula na tupa kesho asubuhi, la sivyo atanyofolewa moyo na ini.

Funga kitabu papo hapo. Uliza: ungekuwa wewe, ungeiba? Ungemwambia nani? Mabishano yakishika moto, kuna atakayeuliza yule mtu katoroka wapi, na hapo ndipo habari za meli kuukuu zilizogeuzwa magereza Uingereza zinapata wasikilizaji.

Dhana: Lugha ya kale ni ngumu mno kwa watoto wa miaka 12, kwa hiyo wapewe muhtasari.

Ukweli: Sentensi ndefu inayomshinda mtoto akiwa peke yake na ukurasa, mara nyingi humwingia vizuri akisomewa na mtu anayejua pa kutua na pa kupandisha sauti. Kwa hiyo mwalimu ajizoeze kusoma kipande hicho usiku uliotangulia. Maneno ya kueleza mapema yawe machache: tupa, kwa mfano, kwa sababu asiyejua kuwa hukata chuma hataelewa mfungwa anaitakia nini. Mengine yatajieleza njiani. Toleo lililofupishwa lina kazi yake kwa mwanafunzi ambaye kusoma bado kunamsumbua, ila naye asikose kuusikia ukurasa wa kwanza kama ulivyoandikwa.

Dhana: Kitabu kinene kimalizwe haraka, wasije wakachoka.

Ukweli: Riwaya hii ilitoka kipande kwa kipande kila wiki katika jarida la Dickens mwenyewe, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Wasomaji wake wa kwanza waliingoja, na darasa nalo linaweza kuingoja. Kila mmoja aandike anachodhani kitafuata, karatasi zibandikwe ukutani, na wiki inayofuata wahakikishe nani alipatia.

Dhana: Filamu huua hamu ya kusoma.

Ukweli: Filamu nzima kabla ya kitabu, mimi siipendekezi. Dakika tatu za tukio walilokwisha kulisoma ni jambo jingine: watagundua wenyewe kilichobadilishwa.

Dhana: Mambo ya kale hayawahusu vijana wa leo.

Ukweli: Estella, msichana wa nyumba ya kitajiri, anapoicheka mikono migumu ya Pip na viatu vyake vizito, Pip anaviona kwa mara ya kwanza kuwa ni vya aibu. Wape dakika tano waandike siku walipoonea aibu kitu ambacho jana yake hakikuwasumbua hata kidogo. Daftari hizo usizikusanye, endelea kusoma.