Mtonesho: maji ya kiyoyozi hutoka wapi?

Masika yaliyopita jirani yangu hapa Malindi aliniita nikaone beseni. Alilitega usiku chini ya kile kipaipu cha kiyoyozi kinachotokeza ukutani, na kufika alfajiri lilikuwa limejaa hadi linamwagikia barazani. Fundi alikuwa ameshamwambia, "Gesi imevuja, mama." Lakini gesi ya kiyoyozi ikivuja hupotelea hewani, haijazi beseni. Yale yalikuwa maji, na yalitoka katika hewa ya chumba chake mwenyewe.

Jambo hilo ndilo mtonesho: mvuke wa maji ulio hewani unakutana na kitu baridi, unarudi kuwa maji. Umeuona kwenye glasi ya sharubati ya ukwaju yenye barafu. Glasi haikutoboka, ila nje imelowa chepechepe na mezani imeacha duara. Usiufananishe na mtungi. Mtungi nao huwa majimaji kwa nje, lakini yale ni maji ya ndani yanayopenya kwenye udongo, yakapeperushwa na upepo na kuondoka na joto. Glasi inachukua maji hewani, mtungi unayapeleka huko. Ndiyo maana siku ya fukuto mtungi haupoi sawasawa, na siku hiyohiyo glasi inalowa kupita kiasi.

Hewa ina shibe yake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 30 hubeba takriban gramu 30 za mvuke, basi. Ipoze hadi nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na ushee. Pale joto linaposhuka hadi hewa ikaanza kutema maji panaitwa kiwango cha umande. Siku ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hali tuliyoizoea pwani, kiwango hicho ni kama nyuzi 25. Koili ya ndani ya kiyoyozi, yale mabomba yaliyopenyezwa katika vibati vyembamba vya alumini, huwa na nyuzi 5 hadi 10 hivi. Hewa ikipita hapo lazima iteme. Matone huteremka kwenye vibati, yakaangukia kihori kilicho chini yake, yakatoka kwa paipu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ndicho kipimo cha nguvu yake ya kupoza) chaweza kutoa zaidi ya lita moja kwa saa siku ya unyevu mwingi.

Wala si kasoro ya mashine. Mhandisi Willis Carrier alipobuni mtambo wake wa kiyoyozi mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, Marekani, shida aliyotakiwa kuiondoa ilikuwa unyevu uliokuwa ukivuruga karatasi.

Ila kazi hiyo ina gharama. Mvuke ukigeuka maji huachia joto, na joto hilo kiyoyozi hulibeba kulitoa nje, kwa hiyo sehemu ya stima yako inakwenda kwenye lile beseni. Mimi siilalamikii, maana hewa ikikauka jasho nalo hukauka, na nyuzi 26 zinatosha kulala. Watu hununua kiyoyozi kikubwa kuliko chumba wakidhani wamepata nafuu. Kinapoza upesi, kinajizima kabla hakijakamua unyevu, na shuka zinabaki na ubichi.

Cha kuangalia ni maji yanapita wapi. Yakitiririka ukutani ndani ya nyumba, mara nyingi paipu imeziba kwa utelezi na vumbi. Koili ikiota barafu, anza na chujio lililojaa vumbi. Likiwa safi, hapo ndipo neno la gesi lizungumzwe. Na masika yakiwa yamekolea, kiyoyozi kinanguruma saa nzima bila tone kutoka nje, hicho ndicho cha kuitiwa fundi.

Jirani hakujaza gesi. Maji ya beseni humwagia asumini zake. Kuyanywa nilimkataza, kwa kuwa yameosha vumbi lote la koili.