Hukuja Kukusanya Namba za Simu za Wakubwa

Swali lile lile limerudi: "Nikipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye mahusiano na serikali, nitajuana na mawaziri wangapi?" Kazi hiyo ni kufuatilia miswada na kuzungumza na wabunge na maofisa kwa niaba ya kampuni au mteja. Mawaziri? Pengine hata mmoja. Utambebea mafaili mtu anayejuana nao, na ukiondoka, namba zao zitabaki kwenye simu yake. Wanaodhani kazi hii ni kujuana tu humaliza mafunzo na picha nzuri, lakini ukiwapa muswada wanaduwaa.

Muswada hausomwi kama hadithi. Anzia nyuma, kwenye majedwali na orodha ya sheria zinazofutwa, kisha rudi kwenye kifungu cha tafsiri, kinachoeleza maana ya maneno, na tarehe ya kuanza kutumika. Sheria inayorekebishwa iwe wazi pembeni yako, maana mstari unaosema "kwa kufuta neno 'na' na kuweka badala yake neno 'au'" haukuambii chochote ukiwa peke yake. Ukiulinganisha na sheria ya zamani ndipo unagundua kwamba mwombaji wa leseni aliyetakiwa kutimiza masharti matatu, sasa moja linamtosha.

Hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. "Waziri atatunga kanuni" na "Waziri anaweza kutunga kanuni" si kitu kimoja! La kwanza ni wajibu, la pili ni hiari, na hiari huweza kulala kabatini miaka. Halafu mwanafunzi anaandika kwenye muhtasari kwamba "sheria inataka kanuni zitungwe", na mtu anapanga bajeti kwa sentensi hiyo. Vilevile "baada ya kushauriana na bodi" si "kwa idhini ya bodi": bodi inayoshauriwa tu inaweza kupinga hadi sauti ikauke na uamuzi ukapita. Tazama pia "ndani ya miezi sita". Je, muda ukipita kunatokea nini? Mara nyingi kifungu kimenyamaza, na ukimya huo ndio wa kuripoti. Muswada ukishapita, ada, viwango na fomu huamuliwa kwenye kanuni, zinazoandikwa na maofisa ambao hakuna anayehangaika kupiga nao picha.

Kosa jingine ni toleo. Kamati ikiongeza kifungu, toleo jipya likichapishwa namba husogea, na barua yako inayopinga kifungu cha 9 inajikuta inapinga jambo ambalo mteja wako analitaka. Andika tarehe na hatua ya muswada juu ya kila ukurasa. Karani wa kamati ndiye anayejua toleo lipi liko mezani, kwa hiyo msalimie vizuri kuliko unavyowasalimia wabunge.

Muhtasari unaompelekea mbunge ni ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza ni ombi, inayofuata inataja kifungu, kisha maneno kamili unayotaka yawekwe. "Tunaomba kifungu kiboreshwe" si ombi, ni dua. Taja pia nani anapinga na kwa hoja gani. Ukificha, msaidizi wa mbunge atayasikia kwa wapinzani wako na hatakuamini tena.

Maelezo ya kikao yaandikwe siku hiyo hiyo: nani alisema nini, nani aliahidi nini, lini. "Tutaliangalia" haiingii kwenye safu ya ahadi, wala "nimekuelewa". Jedwali la kura, la kukisia nani ataunga mkono, lina safu tatu, ndiyo, hapana na hajulikani, na wanafunzi wana tabia ya kumhamishia kwenye ndiyo kila aliyetabasamu.

Siku ya kwanza uliza kama saa zako zinahesabiwa kwenye taarifa za ushawishi, yaani kazi ya kuwashawishi viongozi na maofisa wa serikali. Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1995 kama ilivyorekebishwa, taarifa hizo hutolewa kila robo mwaka, na utafiti unaofanywa ili kusaidia mazungumzo na maofisa ni sehemu ya shughuli za ushawishi, hata kama wewe hukuzungumza na yeyote. Uingereza, rejista iliyoundwa na sheria ya mwaka 2014 inawahusu washauri wanaofanya ushawishi kwa niaba ya wateja. Mwajiriwa wa ndani ya kampuni akimwandikia waziri kwa ajili ya kampuni yake, rejista hiyo haimhusu. Kazi moja, meza mbili, masharti tofauti.

Sasa lile ambalo vitabu hulipita haraka. Kifungu kikibadilika baada ya barua yetu, sina hakika kama ni barua iliyokibadilisha. Labda wizara ya fedha ilikuwa imekwisha kukikataa, labda kipindi cha bunge kilikuwa kinaisha na hakuna aliyetaka mabishano. Ile ramani ya wadau, inayoonyesha nani anapinga na nani anaunga mkono kwa rangi nyekundu, njano na kijani, nayo ni makisio yaliyopakwa rangi. Ichore, ila usiiamini zaidi ya inavyostahili.

Ripoti yako ya chuo isianze na "nilijifunza mawasiliano". Ambatanisha muhtasari mmoja ulioandika, toleo lake la kwanza na la mwisho, na ueleze kwa nini kila mstari ulifutwa. Kabla ya kuiwasilisha, mpe msimamizi wa ofisi aisome, uondoe majina ya mliokutana nao na msimamo wowote ambao mteja hajautangaza.